Kwa Nini Nilisema Miaka Mitatu

Mbinga, Jumanne mchana

Mwanangu Imelda,

Barua hii umepewa na Bi Halima, na bila shaka amekwisha kukueleza nilikokwenda kabla hujateremsha mzigo wako kwenye pikipiki. Nilimwomba asiseme. Akanijibu, "Mwalimu, mimi siri nazitunza sana, ila za watu wasiokuja dukani kwangu." Basi utakuwa unajua: nimeteremka Nyasa kwa mjomba wako Oswin, na kesho alfajiri utapanda basi la Songea bila mimi kuwapo stendi.

Ningeweza kukupigia simu huko Litembo kwa bibi yako. Nimeishika simu mara mbili. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa, na jambo lenyewe lingebaki nusu kama lilivyobaki kwa miaka ishirini. Kwenye karatasi hakuna wa kuniokoa. Kuhusu safari sina la kuongeza. Umefunga mizigo yako vizuri kuliko nilivyowahi kufunga yangu, na vyeti umevikagua mbele ya macho yangu mpaka nikakuonea huruma. Ninachotaka kukuandikia ni jibu la swali uliloniuliza Jumapili mbele ya mjomba wako, ambalo nililijibu vibaya nikijua.

Unakumbuka tulivyokaa. Mjomba wako alikuwa anamenya mihogo, ametugeuzia nusu ya mgongo kama kawaida yake. Ukamwambia kwamba unakwenda Dodoma kusoma saikolojia, na kwamba ukimaliza utarudi kumtibu. "Miaka mitatu tu, mjomba." Kisu kikasimama. Mtu ambaye anaweza kumaliza siku nzima kwa maneno matano akakugeukia na kuuliza, "Mitatu kamili?" Ukacheka kwa furaha ya kusikia sauti yake. "Kamili, mjomba! Mama huyu hapa, amesoma hayohayo, muulize. Mama, shahada ya saikolojia si miaka mitatu?"

Akanitazama. Nikasema, "Mitatu."

Leo saa tano asubuhi Mama Anjela, jirani yake, amenipigia.

"Dada, shikamoo. Mdogo wako kaniletea kadi ya kliniki, eti nimrudishie nesi."

"Kwa nini?"

"Anasema ana daktari wake, yuko njiani. Nikamwambia, 'We Oswini, miaka mitatu hata hao kuku wako watakuwa wameshaliwa na wajukuu wa kicheche!' Kanijibu, 'Dada yangu amesema mitatu.' Sasa dada, na kliniki yenyewe ni kesho."

Hukuwa na umri wa kukumbuka mara ya mwisho alipokosa kliniki miezi miwili mfululizo. Nilimkuta amejifungia, midomo imepasuka kwa kiu ilhali mtungi wa maji uko hatua tatu kutoka kitandani. Hakunitambua. Alinisalimu kwa Kiswahili, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtu aliyetumwa na ofisi ya kata. Vidonge vile, na dakika kumi za nesi kila mwezi, ndivyo vilivyomrudisha polepole mpaka akaweza kukaa nje na kutumenyea mihogo. Si muujiza. Ni kadi ya karatasi ngumu yenye mihuri, na leo ameitoa mkononi mwake kwa sababu ya neno langu moja.

Jibu lenyewe ni hili. Shahada ya kwanza ya saikolojia ni miaka mitatu. Hapo hukukosea, na hakuna aliyekudanganya. Lakini shahada hiyo inakufundisha namna watu walivyo. Haikuruhusu kukaa na mtu aliyevunjika na kusema unamtibu. Kwa hilo utahitaji shahada ya uzamili, miaka miwili kama hakuna kinachokwama, na daima kuna kinachokwama. Kabla yake au baada yake kuna muda wa kufanya kazi chini ya jicho la mtu mwingine, anayesikiliza unavyosikiliza na kukuonyesha ulichokikosa. Nikihesabu kwa ukarimu napata miaka saba. Nikihesabu kwa uaminifu nafika kumi, kisha nasita. Na hata hiyo kumi ikipita, mwanangu, hutamtibu mjomba wako. Watakufundisha mapema kabisa kwamba mtu hamtibu ndugu yake. Utaona ni kanuni ya kwenye daftari, utaiandika na kupiga mstari chini. Mimi nilikuwa nimeipigia mistari miwili.

Nilikuwa mwaka wa pili. Mke wa mjomba wako, Kandida, Mnyasa aliyemfanya ahamie ziwani, alifariki kwa homa ya siku nne, na mimi nilikuwa likizo. Tuliteremka wote kutoka Litembo. Unajua desturi yetu: watu wakishatawanyika baada ya mazishi, wachache wa damu hubaki wakilala nyumbani kwa mfiwa mpaka ionekane anaweza kuachwa. Hakuna aliyeandika ni siku ngapi. Huonekana tu, na huwa ni wazee wanaoona. Lakini ilikuwa Machi. Huko juu majani yalikuwa yamesimama mlimani yakisubiri kufyekwa na kulazwa kwa ajili ya ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, na usipofukia majani yale udongo ungali na unyevu, mashimo hayachimbiki na maharage huna. Kila mwanamke pale alikuwa na shamba lake kichwani na hakuna aliyethubutu kulitaja. Ndipo bibi yako akanigeukia.

"Wewe ndiye unayesoma mambo ya akili. Mwangalie mdogo wako. Anaweza kuachwa?"

Sitakuficha kwamba nilisikia fahari. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo zito kama lile akisubiri jibu. Nami nilikuwa na dodoso kwenye mkoba, maswali tuliyotafsiri darasani kwa Kiswahili safi. Nikapanga viti viwili vikitazamana, kama tulivyofundishwa. Nikamwita Oswin. Aliponiona nimeshika karatasi na kalamu alirudi ndani, akavaa shati jeupe, akafunga vifungo vyote, akatafuta na viatu. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikafurahi kwamba anajijali.

"Katika majuma mawili yaliyopita, umejisikia huna matumaini?"

"Hapana, dada. Namshukuru Mungu."

"Umepata usingizi?"

"Napata, dada. Namshukuru Mungu."

"Umewahi kuona kwamba maisha hayana maana?"

"Hapana. Ahsante sana."

Alinishukuru. Nikaweka alama zangu, nikajumlisha, nikaenda jikoni kutoa habari kwamba Oswin ni mzima kiasi cha kuachwa. Bibi yako alikuwa anapepeta mchele.

"Umemwuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili, mama. Karatasi ni ya Kiswahili."

Aliendelea kupepeta. Mimi na Oswin hatukuwahi kusemeshana Kiswahili nyumbani tangu tulipozaliwa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha padri, cha mtendaji wa kijiji anapokuja kuuliza nani hana choo. Kwa lugha hiyo mtu hujibu vizuri, husema hajambo, na hushukuru. Bibi yako alilijua hilo bila kusoma. Lakini mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo akaanza kukunja mkeka wake. Kesho yake sote tulipanda kurudi milimani. Jumatatu nilikuwa na jaribio chuoni, nami nililiwahi.

Baada ya majuma matatu, Mama Anjela, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi mpya asiyemjua vizuri jirani yake, aliona mlango haufunguliwi na mbuzi wanalia bandani. Akaita watu, wakauvunja. Walimpandisha mpaka huku juu kwenye pikipiki, amekaa katikati ya wanaume wawili, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Hakuwa amejidhuru kwa kitu chochote. Alikuwa ameacha tu: kula, kunywa, kuamka, kusema. Mengine umeyakuta mwenyewe. Ndiye mjomba unayemjua.

Nilirudi chuoni nikiamini nitasahau kwa kusoma. Mwisho wa mwaka, mtihani wa tathmini ulikuwa na swali linalotaka tueleze manufaa ya dodoso. Nilikaa saa tatu mbele ya swali lile na sikuandika hata jina la dodoso. Nikapewa sapu, nirudie mtihani, nikaenda, nikatoka kabla ya muda. Nikaahirisha mwaka. Kisha nikawa na ujauzito wako, baba yako hakukaa, na mwaka ule ukazaa mwingine. Shahada ya miaka mitatu ilinichukua sita, na nilipoipata sikuwa mwanasaikolojia. Nilikuwa mwalimu wa Uraia ambaye wanafunzi wakilia anaitwa yeye. Nimeifanya kazi hiyo kwa moyo. Lakini nikijaza fomu yoyote, kwenye nafasi ya kazi naandika mwalimu, na kalamu husita kidogo hapo.

Miezi ya ujauzito wako niliimaliza kwa Oswin, ziwani, na hiyo sijawahi kukusimulia. Nilikwenda kwa aibu zaidi kuliko kwa upendo. Alikuwa hasemi. Asubuhi moja alitoka na mundu, akafyeka majani, akaanza kuyalaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba, kama wanavyofanya wanaume wa kwetu mlimani. Kwenye shamba tambarare la ufukweni! Wanyasa waliokuwa wakipita walisimama kumtania. "We Mmatengo, mlima uko wapi? Unazuia mchanga usiporomokee ziwani?" Yeye akaendelea kulaza. Sasa kwetu mwanamume akishalaza, anayechimba katikati na kufukia ni mwanamke, na mwanamke pale nilikuwa mimi. Nikachukua jembe. Tulifanya kazi hivyo siku kadhaa, yeye mbele na mimi nyuma, hatutazamani, kila mtu macho yake chini. Siku ya nne, bila kugeuka, akasema kwa Kimatengo sentensi ya kwanza niliyoisikia kwake tangu mlango wake uvunjwe: kwamba ninafukia haraka, majani bado yanachungulia.

Nikarudia kufukia. Hakusema kingine mpaka jioni, wala kesho yake. Lakini mwezi ule, shambani, nilisikia habari za Kandida kidogo kidogo: namna alivyokuwa akicheka watu wakiteleza, namna siku ya mwisho alivyotaka maji ya ziwani na si ya kisima. Sikuuliza hata moja kati ya hayo. Kama ningeuliza, nadhani angekwenda kuvaa shati.

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba kosa langu lilikuwa la lugha, na kwamba laiti ningemwuliza kwa Kimatengo angeniambia. Niliwahi hata kulisema kwenye semina ya walimu, wakanipigia makofi. Siku hizi sina hakika nalo. Kosa la lugha ni kosa linalompendeza msomi. Lina sura ya kitu kilichogunduliwa. Huenda Oswin angenificha kwa lugha yoyote. Huenda pia wanawake wale wangeondoka hata bila idhini yangu, kwa kuwa majani hayangojei. Ninachokijua bila kubabaisha ni kidogo zaidi na kinauma zaidi: kwamba nilitaka awe mzima kabla ya Jumatatu. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na jibu tayari, na yeye, aliyenipenda, akanipa.

Na Jumapili nimelirudia lilelile. Nimejiuliza tangu simu ya Mama Anjela kwa nini nilisema mitatu. Kwanza nilijiambia ni kwa ajili yake, kwa sababu kisu kilisimama na uso wake ukafunguka, na ni nani angeufunga uso ule? Kisha nikajiambia ni kwa ajili yako, kwamba nikitaja kumi utaogopa usiku wa kuamkia safari. Zote mbili ni kweli kiasi. Lakini iliyo kweli zaidi ni kwamba mitatu ndiyo niliyoweza kuivumilia mimi. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu: likizo ngapi, Krismasi ngapi, ni mara ngapi nitapika ugali wa mtu mmoja na kukosea kipimo. Nilipata hesabu inayobebeka. Aliponitazama akisubiri, sikumjibu yeye. Nilijijibu mimi, kwa sauti, mbele yenu wawili.

Sikulaumu kwa ahadi yako. Uliitoa kwa kutojua. Mimi niliithibitisha nikijua, tena mbele ya mtu ambaye nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara moja kwa kalamu. Kwa hiyo usimpigie kusahihisha. Hilo si lako. Utakapofika umbali fulani katika masomo, pengine mwaka wa pili kama mimi, mtu wa nyumbani atakuuliza swali zito na kusubiri, nawe utasikia ile fahari ikipanda. Sijui nikushauri nini kuhusu saa hiyo. Ningependa kusema uwaambie hujui. Lakini mtu anayeulizwa na mama yake, jikoni, watu wakisubiri kwenda mashambani, kusema hajui ni kazi ngumu kuliko ninavyoifanya ionekane hapa, na siwezi kukuapia kwamba leo ningeiweza.

Ninachoweza ni hiki cha leo. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya majuma mawili. Aliuliza kama kuna msiba nikamwambia hapana, akaniangalia kama mtu aliyeomba ruhusa bila sababu. Bi Halima amesema atakupandisha basi yeye mwenyewe. "Wewe nenda, mwalimu. Mtoto nitamkalisha dirishani, na kondakta atanijua. Kwani mimi si mama yake wa dukani?" Atakupa chapati nyingi kupita kiasi na kukuonya kuhusu wanaume wa Dodoma, ambako hajawahi kufika. Mvumilie, anakupenda, na kesho kutwa naye atajikuta anatazama mlango kila saa ya kutoka shule. Ilikuwa niwe mimi pale dirishani. Tangu matokeo yako yatoke nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kusimama, karibu na kibanda cha tiketi, ambapo basi hupinda polepole na mtu wa ndani anaweza kuonekana mara mbili.

Jioni hii sitamwuliza Oswin chochote. Nitachukua kisu kingine nimenye naye mihogo, na tukiwa tunamenya nitamwambia, kwa lugha yetu, kwamba nilisema uongo: kwamba Imelda anakwenda kwa miaka ambayo hakuna anayeijua idadi yake, kwamba hatarudi kuwa daktari wake hata akirudi na vyeti vyote vya dunia, kwamba atabaki kuwa mpwa wake, na kwamba daktari aliyenaye ni yule nesi wa kila mwezi mwenye haraka. Nitasema mara moja. Sidhani kama atanijibu jioni hii. Anaweza asinisemeshe kabisa kwa majuma yote mawili, naye atakuwa na haki. Nimechukua nguo za zaidi ya majuma mawili.

Gari la Nyasa limekwisha kupiga honi, na utingo ananiita "Mwalimu" kana kwamba nimechelewa kipindi. Mengi niliyotaka kukuandikia kuhusu upweke wa chuo sitayafikia. Labda ni heri. Ningekuwa naandika upweke wangu na kuuita wako.

Kliniki hufunguliwa saa tatu asubuhi. Saa hiyo wewe utakuwa umekwisha kupita Songea. Sitakupigia kukuambia kama amekubali kupanda pikipiki au amekataa, na nakuomba usinipigie kuuliza mpaka ufike. Akikataa utataka kushuka njiani. Akikubali utadhani tumemaliza.

Mama yako